Lai au lofti: fimbo zako za gofu zianze kurekebishwa wapi?

Jumamosi moja asubuhi, kabla jua la Dar halijakolea, mimi na shemeji yangu tulisimama kwenye eneo la mazoezi tukiwa na fimbo moja, chuma namba 7, na kalamu ya kuandikia ubao mweupe. Nilichora mstari mnene kwenye mpira, nikauweka chini mstari ukiwa wima na ukitazama uso wa fimbo, nikapiga. Wino ukahamia kwenye uso wa fimbo, na mstari ulikuwa umeinama: juu umeelekea ncha (mwisho wa kichwa ulio mbali na mpini), chini umeelekea kisigino (upande wa mpini). Nikaufuta kwa kitambaa, nikamchorea shemeji mpira mwingine, naye akapiga. Wake ukainama upande wa pili, juu umeelekea kisigino.

Fimbo ile ile, nyasi zile zile. Mimi nina urefu wa sentimita 158, shemeji ana 191. Kwangu fimbo ilikuwa imesimama mno, ncha ikinyanyuka wakati wa kugonga. Kwake ilikuwa imelala mno, kisigino kikibaki juu. Mpira wangu ulikwenda kushoto, wake kulia. Kwa miaka 3 nilikuwa nikiambiwa kwamba nageuza viganja mapema, naye akiambiwa kwamba anachelewa kuvigeuza. Hakuna aliyewahi kutazama soli za fimbo zetu, yaani sehemu ya chini ya kichwa.

Ulinganisho huu ni kwa mtu aliye pale nilipokuwa mimi: ana seti, anaupenda mchezo, ana pesa ya kufanya jambo moja tu mwaka huu, na kila anayemuuliza anampa jibu lake. Kuna anayemwambia akunje lai, mwingine lofti, mwingine akate shafti (mpini), mwingine auze seti yote aagize mpya. Nitaviweka vitu hivi ubavu kwa ubavu na nitasema wazi nipo upande gani. Mahali pote nazungumzia mchezaji wa mkono wa kulia. Wa mkono wa kushoto abadilishe pande.

Kila pembe na kazi yake

Lai ni pembe iliyopo kati ya shafti na ardhi pale soli ya fimbo inapokaa sawasawa chini. Namba 7 nyingi za kiume za siku hizi hutoka kiwandani zikiwa na lai ya digrii 62 hadi 63. Lofti ni mlalo wa uso wenyewe, ule unaouinua mpira hewani: draiva, fimbo ya mapigo marefu, huwa na digrii 9 hadi 12, na weji ya mchanga, fimbo ya mapigo ya karibu, 54 hadi 56.

Kwa kifupi, lofti huamua mpira uende juu kiasi gani na mbali kiasi gani, na lai huamua uelekee wapi. Kinachowachanganya wengi ni kwamba pembe hizi mbili zinasaidiana kukukosesha. Chukua kitabu chenye jalada gumu, kishike mbele yako, jalada likitazama shabaha iliyo kushoto kwako na kikiwa kimelala nyuma kama uso wa weji, kisha inua upande wake ulio mbali na mwili. Jalada halitazami tena shabaha, limegeukia kushoto yake, kuelekea mwilini. Sasa kisimamishe kitabu karibu wima, kama uso wa draiva, uinue upande ule ule. Hakigeuki kwa kiasi cha kutisha. Lofti inapokuwa kubwa, kosa la lai hugeuka kuwa kosa kubwa la mwelekeo, na ndiyo maana fimbo zinazoumia zaidi ni zile tunazozitegemea kuufikisha mpira karibu na shimo.

Nimefanya hesabu ya kosa la digrii 2 za lai kwenye fimbo tatu:

| Fimbo | Lofti | Uso unageuka kwa | Umbali wa pigo | Mpira unapotea kwa |
|---|---|---|---|---|
| Draiva | 10.5° | 0.4° | m 200 | m 1.3 |
| Chuma namba 7 | 32° | 1.25° | m 140 | m 3 |
| Weji ya mchanga | 56° | 3° | m 80 | m 4 |

Hii ni jiometri ya uso peke yake. Uso ukitazama kushoto ya njia ya swingi (mzunguko wa fimbo unapopiga), mpira huzunguka na kujipinda zaidi kushoto, kwa hiyo uwanjani hasara huwa kubwa kuliko ya kwenye jedwali. Itazame mistari ya juu na ya chini: draiva unayoipiga mita 200 inapoteza mita moja na kidogo, na weji unayoipiga mita 80 inapoteza mita 4. Mita 4 kutoka mita 80 ndiyo tofauti ya kuwa kwenye grini, nyasi fupi zenye shimo, na kuwa ndani ya banka, mtego wa mchanga.

Kosa la lofti lina tabia nyingine. Digrii moja kwenye chuma cha kati hubadilisha umbali kwa takriban mita 2 au 3. Mpira unabaki kwenye mstari wako, ila unafika mbele au nyuma kidogo. Kwa mchezaji kama mimi, ambaye mapigo mawili mfululizo ya namba 7 yanaweza kupishana mita 8 bila fimbo kuwa na hatia yoyote, digrii moja ya lofti humezwa. Digrii 2 za lai hazimezwi, kwa sababu zinakusukuma upande ule ule kila siku.

Ndiyo maana nasema lai kwanza. Ipo sababu nyingine, na hii inaniuma zaidi. Lai mbaya inafundisha. Mwili wako unataka mpira uende kwenye bendera, kwa hiyo bila wewe kujua unatafuta hila. Mimi nilijifunza kuuzuia uso usifunge, nikiushikilia wazi hadi baada ya kugonga, ili chuma kisinipeleke kushoto. Kwenye chuma hila ilifanya kazi. Kwenye draiva, ambayo lai yake haina nguvu, hakukuwa na cha kuzuia, na mpira ukawa unakata kulia hadi kwenye miti. Nilitumia pesa nyingi kwa mwalimu kutibu draiva, kumbe draiva haikuwa inaumwa.

Kupimwa umesimama, kupimwa ukipiga

Hapa watu wengi hukosea, na hukosea wakiwa na nia njema. Njia ya kwanza ni ya futi: unasimama wima na viatu vyako vya gofu, mikono inaning'inia, mtu anapima kutoka kwenye mkunjo wa kiganja hadi sakafuni, kisha anaoanisha kipimo hicho na urefu wako kwenye chati. Ni nzuri kwa kuanzia. Inatofautisha vizuri kati ya mtu mrefu mwenye mikono mirefu, ambaye pengine hahitaji mabadiliko yoyote, na mtu wa urefu huo huo mwenye mikono mifupi. Urefu wa mtu peke yake haukwambii kitu. Dukani niliwahi kusikia mteja akiulizwa urefu wake tu, kisha akapewa jibu. Hiyo ni ramli.

Tatizo la futi ni kwamba hakuna anayepiga mpira akiwa amesimama kama nguzo. Fimbo ikishuka kwa kasi, kichwa huvutwa nje na shafti hujipinda kuelekea chini, hivyo ncha hushuka kuliko ilivyokuwa ulipojipanga. Kwa sababu hiyo, unapojipanga ncha inatakiwa iwe imenyanyuka kidogo, kiasi cha kupitisha sarafu chini yake. Ukiona soli yote imelala chini kabla ya kupiga, wakati wa kugonga ncha itakuwa inachimba. Na mikono yetu haifiki chini kwa kimo kile kile ilichoanzia. Wengine huinua mikono sana wanaposhuka, wengine huiweka karibu na mapaja. Watu wawili wenye vipimo sawa vya futi wanaweza kuhitaji lai zinazotofautiana.

Njia ya pili ni ubao. Unabandikiwa utepe kwenye soli, unapiga mpira uliowekwa juu ya ubao mgumu wa plastiki, kisha unatazama utepe umechubuka wapi. Ukichubuka karibu na kisigino, fimbo imesimama mno. Karibu na ncha, imelala mno. Ubao unasaidia, ila mtu akijua chini kuna kitu kigumu hubadilisha swingi bila kupenda. Niliona hivyo kwangu mwenyewe: kwenye ubao nilikuwa nauparaza mpira kwa woga wa kuumiza viganja, na utepe ukasema uongo.

Njia ya tatu ni ile ya kalamu niliyoanza nayo. Inafanyika kwenye nyasi, kwa swingi yako ya kila siku, na gharama yake ni kalamu. Mstari ukitoka wima kwenye uso, lai ni sahihi kwako. Juu ya mstari ikiinamia ncha, fimbo imesimama mno na inahitaji kulazwa. Ikiinamia kisigino, imelala mno na inahitaji kusimamishwa. Kiasi cha kuinama ni takriban kiasi cha kosa: mstari ulioinama digrii 2 unadai digrii 2. Piga mipira isiyopungua 10, tupa ile uliyoigonga vibaya kabisa, uamue kwa ile iliyobaki. Pigo moja halitoshi kukupeleka kwa fundi.

Zipo pia mashine za kamera zinazosoma nukta zilizobandikwa kwenye uso wa fimbo na kukupa lai ya wakati wa kugonga kwa namba. Ukiipata, itumie. Usipoipata, kalamu haikupunguzii kitu cha maana. Ninachokukataza ni kusoma shimo la nyasi ulilochimba na kuishia hapo. Shimo lenye upande mmoja mrefu linaweza kutokana na lai, na linaweza kutokana na ardhi iliyoinama au njia ya swingi.

Kukata shafti au kukunja shingo

Wanawake, vijana na wazee wengi hapa kwetu wanaanza na fimbo za kurithi, za mume, kaka au bosi. Ushauri wa kwanza wanaopewa ni kukatisha shafti. Mimi nilishauriwa hivyo pia, na nusura nikubali.

Kukata kunafanya kazi, hilo nalikubali. Kwa kila sentimita 1.3 unayoitoa, fimbo huwa kana kwamba imelazwa digrii moja. Ukitoa sentimita 2.5 umepata digrii 2, na ncha iliyokuwa hewani inakaa. Lakini umechukua na vitu vingine. Kichwa kinakuwa chepesi mkononi, kiasi kwamba wengi hushindwa kuhisi kiko wapi katikati ya swingi. Shafti inakuwa ngumu kidogo. Umbali unapungua. Na ukijuta, kurefusha tena ni kuongezea kipande kwenye upande wa gripu (mshikio) na kununua gripu mpya.

Kukunja kunafanyika shingoni, pale kichwa kinapokutana na shafti. Fundi anakibana kichwa kwenye mashine yenye geji, anapima pembe zote mbili, anavuta kwa wenzo mrefu, anapima tena. Urefu na uzito vinabaki vilevile, na ukikosea, chuma laini kinarudishwa. Kwa mtu ambaye urefu wa fimbo haumsumbui isipokuwa ncha inanyanyuka, napendekeza kukunja bila kusita.

Kabla ya kuamua, lipo jaribio lisilo na gharama. Shika fimbo chini, uache sentimita 2.5 za gripu juu ya mkono wa kushoto, upige mipira 20 yenye mistari. Hiyo ndiyo fimbo iliyokatwa. Ukijisikia huru na mstari ukasimama, pengine urefu ndio ulikuwa tatizo lako. Mimi nilipofanya hivyo mstari ulikaribia kusimama, ila mpira ulitoka mnyonge na mgongo ulinikunja. Nikajua nahitaji kulazwa lai, nibakishe urefu. Namba 7 yangu ilitoka digrii 62.5 ikawa 60.5.

Shemeji alihitaji vyote viwili: shafti ziliongezwa sentimita 1.3, jambo lililomsimamishia lai kama digrii moja, na shingo zikakunjwa digrii moja juu yake. Mtu akirefusha fimbo kisha akakunja lai kwa kipimo alichopimwa kabla ya kurefusha, atavuka alama. Urefu kwanza, lai baadaye, daima.

Chuma cha kufua na chuma cha kusubu

Kabla ya kumpa fundi fimbo, ujue kichwa kimetengenezwaje. Vichwa vya kufua, vile vinavyopigwa nyundo kutoka kwenye chuma laini cha kaboni, hukubali kukunjwa digrii 2 hadi 3 bila manung'uniko, na hata zaidi kwa fundi mwenye subira. Vichwa vya kusubu, yaani vya chuma kilichoyeyushwa kikamiminwa kwenye kalibu, hutegemea aina ya chuma. Ile chuma cha pua ngumu iitwayo 17-4, inayotumika kwenye seti nyingi za wachezaji wa kawaida, ni kaidi: unaikunja, inarudi, unaizidishia, inapasuka. Digrii moja, pengine 2, ndiyo mpaka wa busara.

Si kweli kwamba vya kusubu havikunjiki kabisa. Ping wamekuwa wakiwauzia watu vyuma vya kusubu vyenye lai tofauti tofauti kwa miongo mingi. Lakini kuna tofauti ya kujua chuma chako na kulazimisha. Fundi mmoja niliyempelekea weji yangu ya zamani alitaka kutoa digrii 4 kwa mvuto mmoja. Nilikuwa nimesimama pembeni. Shingo ilitoa mlio mkavu kama kijiti cha muhogo, na ufa mwembamba ukazunguka nusu ya shingo. Akaniambia weji ilikuwa na kasoro tangu kiwandani. Haikuwa na kasoro. Siku hizi namuuliza fundi maswali mawili kabla sijafungua begi: unajua kichwa hiki ni cha chuma gani, na utapima lofti baada ya kukunja lai? Asiyejibu la pili namshukuru naondoka, kwa sababu ukivuta pembe moja nyingine husogea nayo. Lai inaweza kutoka sahihi huku lofti imehama digrii moja kimyakimya.

Vyuma laini vina udhaifu wao: husogea vyenyewe. Anayefanya mazoezi kila wiki kwenye mkeka wa plastiki juu ya zege anazikunja fimbo zake kidogo kidogo bila kumlipa mtu. Za kufua zipimwe kila mwaka. Za kusubu zinaweza kukaa muda mrefu zaidi.

Lofti: umbali au mapengo?

Wanaokwenda kukunja lofti wengi wanakwenda kutafuta umbali. Wamesikia kwamba namba 7 ya jirani inafika mita 150, nao wanataka. Tazama kilichofanyika viwandani. Namba 7 ya mtindo wa zamani, na hata ya leo kwa wachezaji hodari, ina lofti ya digrii 34 hivi. Namba 7 nyingi zinazouzwa kwa wachezaji wa kawaida zina 28 hadi 30. Hiyo ni tofauti ya fimbo nzima au zaidi, na namba iliyoandikwa kwenye soli ni ile ile. Jirani yako pengine anapiga namba 6 iliyoandikwa 7. Viwanda havikufanya hila tupu. Vichwa hivyo vina uzito chini zaidi na huinua mpira vizuri hata kwa lofti ndogo. Ukichukua kichwa cha zamani ukakikunja hadi digrii 30, hupati hicho kitu. Unapata mpira unaoruka chini na kukimbia kupita grini.

Kupunguza lofti kunakula na baunsi, ile pembe ya soli inayozuia fimbo isizame. Digrii moja ya lofti ikitoka, digrii moja ya baunsi inatoka nayo. Weji ya mchanga ya 56 yenye baunsi ya 12 ukiikunja hadi 54, inabaki na baunsi ya 10. Kwenye ardhi ngumu huenda ukafurahi. Kwenye mchanga laini itazama. Kwa wanaocheza kwenye mabanka ya mchanga laini, nisingegusa baunsi hiyo kwa ajili ya mita 4.

Kazi halali ya kukunja lofti ni kusawazisha mapengo. Fundi alipopima seti yangu, namba 7 ilikuwa na 34, namba 8 ilikuwa na 37, namba 9 ilikuwa na 43 na weji ya seti 46. Ukitoa: pengo la 3, la 6, la 3. Miaka yote nilikuwa nikilalamika kwamba namba 9 na weji zangu zinafika mahali pamoja, na kwamba kati ya 8 na 9 kuna umbali nisioweza kuupiga. Sababu ilikuwa pale kwenye geji. Namba 8 ikapelekwa 38, namba 9 ikarudishwa 42, na mapengo yakawa 4, 4, 4. Digrii moja kila upande. Sikupata mita hata moja ya ziada kwenye begi, ila kila fimbo ilianza kuwa na kazi yake.

Kwa mwenye seti ya kisasa yenye lofti ndogo, pengo kubwa liko chini ya begi. Weji ya seti ina digrii 43, na weji ya mchanga aliyoinunua mbali ina 56. Hapo katikati kuna digrii 13, sawa na fimbo tatu za zamani. Kukunja hakutaziba shimo la namna hiyo. Ukijaribu utaharibu baunsi upande mmoja na kusogeza tatizo upande mwingine. Nunua weji ya 49 au 50, hata ya mtumba, na umalize. Ukumbuke tu kwamba kanuni zinaruhusu fimbo 14, kwa hiyo kuna moja itakayokaa nyumbani.

Jambo moja la safari. Nilipokwenda Nairobi kucheza, mpira wa namba 7 ulinipita karibu mita 10. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari na hewa yake nyepesi haiuzuii mpira kama hewa yetu ya pwani. Nilirudi nikiwa na wazo la kuongeza lofti kabla ya safari nyingine. Usifanye hivyo. Juu milimani umbali wa fimbo zote huongezeka kwa uwiano ule ule, mapengo yako yanabaki na mpangilio wake. Kinachohitajika ni kuchagua fimbo fupi zaidi.

Mtumba, seti uliyonayo, au oda mpya

Seti nyingi za mtumba ninazoziona zikiuzwa hapa zimetoka kwa watu wa Ulaya na Marekani, na kuna ambazo zilikunjwa kwa ajili ya mwenye nazo wa kwanza. Kwenye Ping utaona nukta ya rangi kichwani. Utaratibu huo wa rangi ni wa tangu miaka ya 1970, kampuni ikiwa bado mikononi mwa Karsten Solheim, mhandisi mzaliwa wa Norway aliyeianzisha mwaka 1959. Nukta nyeusi ni lai ya kawaida. Bluu na kijani zimesimamishwa, nyekundu na machungwa zimelazwa. Mtu mfupi akiuziwa seti ya nukta ya kijani kwa bei nzuri, amenunua tatizo. Hata hivyo nukta inasimulia lai ya siku fimbo ilipotoka kiwandani, haisimulii aliyeikunja baadaye. Ipime.

Ukinilazimisha kuchagua kati ya seti ya mtumba ya kufua iliyokunjwa kwa kipimo chako na seti mpya ya bei kubwa iliyotoka dukani kama ilivyo, nachukua ya kwanza, na sitafikiria mara mbili. Seti mpya iliyoagizwa kwa vipimo vyako ni bora kuliko zote mbili, kwa sababu urefu, shafti, gripu na lai huja vikiwa vimepangwa pamoja. Lakini iagize baada ya kujua lai yako ya kupiga, si ya futi. Na kama umeanza gofu mwaka huu, swingi yako itabadilika kabla ya kontena kufika. Kunja ulichonacho, ucheze msimu mmoja, upime tena kwa kalamu, ndipo uagize.

Draiva nitaipitia haraka. Haikunjwi. Nyingi za kisasa zina shingo ya kuzungushwa kwa ufunguo maalumu, unazungusha hadi ufunguo utoe mlio wa kuonyesha umekaza. Watu huichezea sana hii kwa kuwa ni rahisi, lakini jedwali pale juu linaonyesha kwamba lai ya draiva ina athari ndogo. Itumie kwa lofti, ukijua kwamba kwenye shingo nyingi kuongeza lofti huufunga uso kidogo ukiiweka chini, na kuipunguza huufungua. Na izungushe kabla ya raundi: Kanuni ya 4.1 inakataza kupiga kwa fimbo ambayo umebadilisha tabia yake kwa makusudi katikati ya raundi. Pata, ile fimbo ya kusukumia mpira kwenye grini, nayo ina lofti ya digrii 3 au 4 tu, kwa hiyo lai yake ni suala la kukaa vizuri machoni na soli kugusa chini, na unaweza kuliamua kwa kusimama juu ya mpira.

Baada ya kukunja, jipe wiki 3. Wiki ya kwanza nilipiga kila kitu kulia, kwa sababu ile hila ya kuushikilia uso wazi ilikuwa bado mwilini na sasa haikuwa na cha kuzuia. Nilikaribia kurudi kwa fundi. Kedi aliyenibebea begi kwenye uwanja wa gofu wa Lugalo alinitazama mashimo manne, kisha akaniambia, "Dada, achia mikono, fimbo haikupeleki tena kushoto." Namba 7 iliyofuata niliiachia. Jioni nilichora mpira mmoja zaidi, nikapiga, nikageuza uso wa fimbo kuelekea mwanga. Mstari ulikuwa wima.